Siku Moja Katika Saba



Nimekwisha kusoma katika gazeti letu habari nyingi za mpira, za bustani ya shule na za umuhimu wa kutunza wakati, na zote zimenifaa. Hili la mwisho ndilo lililonitia hamu ya kushika kalamu, kwa maana nadhani tumelifahamu nusu tu. Tumefundishwa vizuri sana tusipoteze hata saa moja. Hatujafundishwa namna ya kuiacha saa ipite bila kuidai kitu. Mimi nimeanza kujifunza jambo hilo kwa watu ambao sikutazamia kabisa kuwa wangeweza kunifundisha neno lolote, nao ni Mayahudi wa Mbale katika nchi ya Uganda.

Najua wengine watacheka. Rafiki yangu tunayelala naye bweni moja aliniuliza, "Mayahudi gani hao wanaokula matoke?" Akaniambia kuwa Mayahudi wako Israeli na Marekani, na kwamba waliobaki wamo katika Biblia. Basi naomba kwanza nieleze nilivyopata habari zao, ndipo nitoe maoni yangu.

Wenyeji wa hapa Ushirombo mnajua kuwa barabara yetu hupitisha malori mengi, mengine ya Rwanda, mengine ya Burundi, na mengine ya Uganda yanayopita Biharamulo. Mama yangu huuza chakula karibu na stendi. Katika likizo ya Desemba iliyopita lori moja liliharibika pale, na dereva wake, mtu mzima wa kabila la Wagisu, akakaa siku tatu akingoja spea kutoka Kahama. Alikula kwetu asubuhi na jioni, nasi tukamzoea. Siku ya Ijumaa jua lilipokuwa likizama alitazama magharibi, akamwambia mama, "Sasa hivi kwetu majirani zangu wamekwisha kuwasha mishumaa. Hata kama kahawa imeiva shambani namna gani, hawataigusa mpaka kesho usiku." Mama akauliza kama ni Wasabato. Dereva akasema, "La, mama. Hao ni Abayudaya. Mimi ni Mkristo, lakini nimekua nao."

Nilicheka moyoni. Nilidhani ni hadithi ya kupitisha muda. Shule zilipofunguliwa nikamwuliza mwalimu wetu wa historia, naye akaniambia kuwa mtu aliyeianzisha jamii hiyo tumekwisha kumsoma darasani, ila tulimsoma upande mmoja tu. Mtu huyo ni Semei Kakungulu.

Katika madaftari yetu Kakungulu ni yule shujaa wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa Uganda ya mashariki, na ndiye aliyeujenga mji wa Mbale. Tunaandika jina lake katika mtihani chini ya wale walioshirikiana na wakoloni, kisha tunafunga daftari. Lakini maisha yake hayakuishia hapo. Alikuwa ametumaini kupewa ufalme katika nchi aliyoiteka, Waingereza wakamnyima. Akaachana na mambo ya utawala, akaanza kuisoma Biblia kwa bidii, hasa vile vitabu vitano vya Musa. Alipoona amri ya kutahiri akataka kuishika. Akaambiwa na watu wa dini yake kwamba hayo ni mambo ya Mayahudi. Naye akaona kwamba, ikiwa ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe, na wafuasi wake wakamfuata. Alifariki mwaka 1928, lakini watu wake hawakutawanyika.

Mimi nasema mtu huyu alikuwa na ushupavu wa ajabu. Hakutumwa na mmisionari yeyote wala hakuahidiwa shule wala hospitali. Alifungua kitabu, akasoma, akatenda.

Wakati wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Waliosali walisali kwa siri, na wengi wakaingia dini nyingine kwa hofu. Jamii iliyokuwa ya maelfu ikabaki na mia chache. Hapa historia yao inagusana na yetu. Majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku ile ile ndipo ilipoanza Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Babu yangu mzaa mama alikuwa katika jeshi letu na alifika Masaka. Nilipomweleza jambo hili alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sisi hatukujua. Sisi tulikuwa tunatembea tu."

Leo wapo wapata elfu mbili au zaidi, na kijiji chao kikubwa kiko juu ya kilima cha Nabugoye karibu na Mbale. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alisoma Los Angeles, akapewa daraja la urabi mwaka 2008, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge. Shule yao ya sekondari inaitwa kwa jina la Kakungulu, na husomesha Mayahudi, Wakristo na Waislamu pamoja. Mwaka 2004 wakulima wa dini hizo tatu walianzisha ushirika mmoja wa kahawa, wakauita Mirembe Kawomera, maana yake kwa Kiganda ni amani tamu. Siandiki juu ya vita na ugomvi wa mataifa ya mbali, maana huko mimi sina maarifa. Naandika juu ya wakulima kama sisi, wenye jembe kama letu, ambao wamekata shauri kwamba siku moja katika saba haiuzwi.

Sasa niseme Sabato yao ni nini. Huanza Ijumaa jua linapozama na kwisha Jumamosi usiku nyota tatu zinapoonekana. Chakula hupikwa mapema. Nilidhani ni siku ya kulala tu, kumbe ina sheria nyingi kuliko sheria za bweni letu. Walimu wao wa kale walihesabu aina 39 za kazi zilizokatazwa, nazo ni pamoja na kulima, kupanda, kuvuna, kujenga, kuwasha moto na kuandika. Wale wanaozishika kwa ukamilifu hawawashi simu wala hawaendeshi gari. Na kati ya hizo 39 imo kazi ya kusaga. Neno hilo lilinichoma, na sababu nitaieleza sasa hivi.

Lakini sheria hizo si mnyororo. Ikiwa uhai wa mtu uko hatarini, Sabato huwekwa kando mara moja. Kumpeleka hospitali mama anayejifungua, au kumfukua mtu aliyefukiwa, si ruhusa tu bali ni wajibu. Jambo la pili ambalo sikulijua, ingawa nimeisikia amri hiyo kanisani tangu utoto, ni kwamba amri ile haisemi na mtu mnyonge peke yake. Inasema na mwenye nyumba. Inamwagiza ampumzishe mtumwa wake, na mgeni anayekaa kwake, na ng'ombe na punda wake. Na sheria nyingine ya Musa inamwagiza amlipe kibarua ujira wake siku ile ile kabla jua halijatua, kwa kuwa yule ni maskini na moyo wake umeutegemea. Wachimbaji wanaongoja mgawo wao miezi na miezi wataniambia kama sheria hiyo imezeeka.

Basi, habari ya kusaga. Kaka yangu mkubwa hufanya kazi kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Sitataja ni ya nani wala iko wapi, kwani mimi sikuja kumshitaki mtu. Wale waliokwisha kufika kwenye mialo wanajua mahali hapo palivyo. Viroba vya mawe hupangwa kama ukuta, mashine hunguruma usiku na mchana, na vumbi jeupe hukaa juu ya nyusi za watu hata kijana wa miaka ishirini huonekana mzee. Unga ukitoka huoshwa, kisha hukamatwa dhahabu kwa zebaki, na watu huishika zebaki kwa mikono mitupu kama maji ya kunawa. Mwenye mawe hataki kuondoka asije akaibiwa. Mwenye karasha hataki mashine isimame kwa sababu kila saa ni fedha. Na kijana wa kusukuma mawe hathubutu kusema amechoka, kwa maana nje wako vijana kumi wanaoitamani nafasi yake.

Desemba ile nilikwenda kufanya kazi pamoja naye ili nipate fedha ya viatu na madaftari. Mimi nilifanya siku tisa. Yeye alikuwa amefanya siku kumi na tisa mfululizo bila kupumzika hata moja, Jumapili zikiwamo, hata Krismasi. Usiku wa siku ile ya kumi na tisa alisinzia akiwa amesimama, na mkanda wa mashine ukamkamata mkono wa kushoto. Alipoteza vidole viwili. Nilikuwa mbali naye kiasi cha hatua sita. Nami nasema kweli, kwa kuwa jambo hili linanisumbua: nilikuwa nimemwona akisinzia mara mbili kabla ya hapo, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nikihesabu fedha za siku ile.

Tulipotoka hospitali nilipita nyumbani kwa babu. Babu alikuwa akifungua nira za ng'ombe wake, maana jua lilikuwa limepanda, na kwetu ng'ombe wa jembe halimi jua likiwa kali. Hata mtoto mdogo anajua hivyo. Nikasimama pale nikitazama, nikaona kuwa ng'ombe wa babu yangu ana saa zake za kupumzika zinazojulikana na kijiji kizima, na kaka yangu hana. Ndipo nikamkumbuka yule dereva na mishumaa ya majirani zake.

Kuna watakaonijibu kuwa mapumziko ni anasa ya wenye mali, na kwamba mtu anayekula alichopata leo hawezi kukaa bure. Jibu hili ni zito na sitaki kulipita mbio, kwa kuwa hata kaka yangu alinijibu hivyo hivyo. Lakini wale watu wa Mbale si matajiri. Ni wakulima wa vilima, na kahawa yao huiva Jumamosi kama inavyoiva siku nyingine. Katika kitabu chao imeandikwa habari ya mana jangwani, kwamba siku ya sita watu waliokota mara mbili ili wale siku ya saba. Maana yake naiona hivi, kwamba mapumziko hutayarishwa. Hayaanguki kutoka mbinguni kwa mtu aliyekaa tu. Mama yangu akitaka kufunga biashara Jumapili moja, yampasa aanze kuweka shilingi Jumatatu. Kuhusu kibarua, mzigo si wake peke yake, ni wa bwana wake pia; na hapo hatuhitaji hata kufika kwa Musa, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya nchi yetu inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na saa za kazi za kawaida zisizidi 45 katika juma. Sheria ipo. Nimeandika hapa ili mzazi mwenye karasha, ikiwa yuko anayesoma gazeti hili, asiseme hakuambiwa.

Tena kuna wanaosema kwamba dunia ya sasa haisimami. Ni kweli, na hata huku Bukombe haisimami. Mtu amelala lakini simu yake inaita. Amekaa na watoto wake lakini macho yako kwenye kioo. Nikiwa likizo mimi mwenyewe hushika simu ya mama nikisema nitazame jambo moja, nikiinua kichwa mama amekwisha kuosha vyombo vyote peke yake. Mwanachuoni mmoja wa Kiyahudi, Abraham Joshua Heschel, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1907, aliandika mwaka 1951 kitabu kidogo juu ya Sabato. Mtu huyu alitoka Ulaya mwaka 1940, na mama yake na baadhi ya dada zake waliangamia mikononi mwa Wanazi, basi hakuwa mtu wa kuandika maneno ya starehe. Fikira yake, kama nilivyoielewa, ni kuwa watu hutumia nguvu zao zote kuteka mahali na vitu, ambapo Mayahudi walijenga hekalu lao ndani ya wakati. Hekalu la mawe la Yerusalemu lilichomwa na Warumi mwaka 70. Lile la siku ya saba hakuna jeshi lililoweza kulichoma. Na Amin naye hakuweza, ingawa alijaribu.

Sasa nije kwetu shuleni, na hapa naomba radhi kwa walimu wangu, ambao najua hukesha kwa ajili yetu. Sisi wa Kidato cha Nne tumo katika kambi ya kitaaluma. Tunasoma alfajiri, tunasoma mchana, tuna prepo ya usiku, na Jumapili baada ya ibada tunarudi darasani mpaka jioni. Baadhi yetu huficha tochi na kuendelea chini ya blanketi. Mtihani wa Taifa ni mwezi wa Novemba na kila mmoja anauogopa, mimi nikiwa wa kwanza. Lakini nimewaona wenzangu wakisoma ukurasa mmoja mara nne bila kufahamu neno, na nimewatazama usoni, nikaona macho yale yale niliyoyaona kwa kaka yangu usiku wa siku ya kumi na tisa. Safari hii sitanyamaza.

Ninaloomba ni dogo. Kwamba Jumapili, tokea ibada inapokwisha hata chakula cha usiku, madarasa yafungwe. Mtu aliyefaulu na mtu aliyefeli wakae chini ya mwembe mmoja. Ndugu zetu Waislamu na Wasabato wana siku zao za ibada, na wale Wasabato wawili wa bweni letu wamekuwa wakipumzika Jumamosi muda wote huu huku tukiwadhihaki, na matokeo yao ya muhula uliopita hayakuwa mabaya kuliko yetu. Naona tungewaomba radhi.

Hoja iliyonishinda kwa muda ni hii: je, kusoma ni kazi? Mayahudi wenyewe husoma siku ya Sabato, tena sana, husoma Torati na kubishana juu yake mezani. Basi mwenzangu mmoja akadakia, "Unaona? Hata wao wanasoma!" Ikanibidi nitafute zaidi, nikaona kuwa kwao siku ya saba haitumiki kuitayarisha siku ya kazi. Huwezi kufanya Jumamosi jambo lolote kwa ajili ya Jumapili, hata liwe jepesi. Mtu anaposoma siku hiyo, anasoma kwa kupenda jambo lenyewe. Kwa hiyo kwangu mimi Jumapili mtu akitaka kusoma hadithi, au historia ya Kakungulu mpaka mwisho wake na si mpaka pale mtihani unapokomea, na asome. Ila maswali ya miaka iliyopita yakae kabatini. Nilijaribu peke yangu Jumapili tatu. Ya kwanza nilikaa kama mtu aliyeibiwa, sikujua mikono yangu niiweke wapi. Ya pili nililala. Ya tatu nilimwandikia babu barua ndefu, ya kwanza tangu nianze sekondari.

Mwezi uliopita ilikuwa siku ya wazazi kututembelea, nayo ilikuwa Jumapili. Mama alikuja, na nyuma yake nikamwona kaka. Amekwisha kurudi kwenye karasha, kwa kuwa ana watoto wawili, lakini alikuwa ameaga kazi siku nzima, jambo ambalo hajalifanya tangu aanze. Alisema wenzake wanne wamekwenda pamoja naye kwa mwenye mashine na kuomba zamu ya kupokezana siku za kupumzika, na kwamba mpaka sasa hawajakubaliwa wala hawajakataliwa. Tulikaa chini ya miti nyuma ya jiko tukala wali alioupika mama. Mkono wake ulikuwa umepona vizuri. Hakutazama saa hata mara moja, na tulipokwisha kula akajilaza kwenye kanga ya mama, akaniambia, "Haya, nieleze tena juu ya wale Mayahudi wako wa Mbale. Ijumaa huwa wanapika nini?"